Mwenyeji wa kambi jangwani: kazi bila mshahara, lakini si kazi bila mapatano



Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, yaya yangu anayeishi Phoenix, katika jimbo la Arizona huko Marekani, alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Alikuwa anacheka. Alisema: « Mdogo wangu, usiku huu nimelala tena kambini. Na mara hii hakuna aliyenifukuza. »

Ninyi mnajua kwa nini maneno hayo yalinishika. Kwetu sisi neno kambi ni zito. Ni kambi ya wanajeshi au ni kambi ya wakimbizi. Yaya alivuka ziwa Tanganyika mwaka 1996, mimi nikiwa mtoto mdogo. Aliishi Nyarugusu, upande wa Kigoma nchini Tanzania, miaka mingi, na watoto wake wote alizalia huko, kabla ya kupelekwa Marekani. Basi mama mmoja mzee anayesali naye, muuguzi aliyestaafu, alipomwambia kwamba kila wakati wa baridi anahamia kambini jangwani, yaya aliuliza bila kufikiri: « Unakimbia nini? »

Yule mama hakuwa anakimbia kitu. Alikuwa anajitolea. Alimwalika yaya akamtembelee siku tatu, na tangu hapo tumezungumza mambo hayo mara nyingi kwa simu. Nimeona yafaa niwaelezee, juu ya somo moja ambalo linatuhusu sisi pia katika chama chetu.

Jangwa la wote

Huko Marekani sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi si ya mtu binafsi, ni ya serikali kuu. Ofisi moja inayoitwa kwa kifupi BLM, iliyoanzishwa mwaka 1946, inasimamia peke yake karibu hektari milioni 99. Tukipima kwa nchi yetu, ni zaidi ya thuluthi moja ya Congo yote. Sehemu nyingi za ardhi hiyo ni jangwa. Tusisahau kwamba kabla ya serikali hiyo kulikuwa na wenyeji wa asili, na hadi leo wako: karibu na mahali alipokwenda yaya kuna eneo la makabila ya mto Colorado, lililotengwa mwaka 1865.

Kwa kawaida, mtu yeyote anaweza kupiga hema kwenye ardhi hiyo ya wote siku 14, kisha anatakiwa kuhama. Lakini katika jangwa la kusini, Arizona na California, tangu mwaka 1983 kuna maeneo ambako watu wanaruhusiwa kukaa msimu mzima wa baridi, toka tarehe 15 ya mwezi wa tisa hadi tarehe 15 ya mwezi wa nne, kwa kulipa kibali. Moja linaitwa La Posa, karibu na mji mdogo wa Quartzsite, mwendo wa kama masaa mawili kwa gari toka Phoenix. Wazee wengi wanashuka huko toka majimbo ya kaskazini na toka Canada, wakivuta nyumba zao za magurudumu nyuma ya gari. Wenyewe wanaitwa « ndege wa theluji », kwa sababu wanahama kama ndege wakati baridi inapoanza.

Kwa nini si wakati wa joto? Yaya anajua jibu. Mwaka 2023, mji wake wa Phoenix ulipita siku 31 mfululizo za joto lililozidi digrii 43. Wakati huo jangwani hakukaliki.

Kazi yenyewe

Watu wengi wakikaa mahali pamoja miezi saba, ni nani anapokea wageni? Ni nani anaangalia vyoo? Hapo ndipo anaingia mwenyeji wa kambi. Ni mtu wa kujitolea. Anakuja na nyumba yake ya magurudumu, anaiegesha mahali penye kuonekana, karibu na mlango, na anaishi hapo msimu wote.

Yaya alimfuata mwenyeji wake siku nzima. Asubuhi walipita kwenye vyoo na ndoo, ufagio na karatasi. Vyoo vyenyewe ni vya shimo, vyenye tanki lililofungwa chini ambalo kamioni inakuja kunyonya. Yaya alicheka sana: kusafiri kote huku, na bado choo cha shimo! Kisha waliokota takataka, walizima makaa ya moto uliosahauliwa, walibandika matangazo. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kuwasalimu wageni: kuwaonyesha maji yako wapi na maji machafu yanamwagwa wapi, na kuangalia kama wana kibali.

Mwenyeji pia anafundisha, na hapo mimi mwalimu nilifungua masikio. Anawaambia wageni kila mtu awe na lita 4 za maji kwa siku, hata kama hajisikii kiu. Anawakataza kulala ndani ya mkondo wa mto mkavu, kwa sababu mvua inaweza kunyesha mbali sana, mlimani, na maji yakafika kwa ghafula wakati mbingu juu yako ni safi. Anawaambia watembee usiku na tochi juu ya nyoka. Na wakiona kobe wa jangwani, wasimwinue: kobe huyo anatunza maji katika kibofu chake, na akishikwa kwa hofu anaweza kuyamwaga yote, kisha akafa kwa kiu.

Kuna jambo moja mwenyeji hafanyi. Yeye si polisi. Mgeni akileta fujo au akikataa kulipa, mwenyeji hapigani naye wala hamtozi faini. Anaandika aliyoyaona, anampigia simu askari wa ofisi, na anarudi nyumbani kwake.

Anapata nini?

Mshahara, hapana. Anapata mahali pa kukaa bure, na katika kambi nyingine maji na umeme. Pengine anarudishiwa pesa ya mafuta au ya chakula. Lakini kabla ya kuanza, anatia sahihi kwenye mapatano na ofisi. Humo kazi zake zimeandikwa, na masaa yake pia. Nafasi nyingi zinaomba masaa kama 20 hadi 30 kwa wiki, na siku za kupumzika zinajulikana. Akiumia akiwa kazini, sheria inamhesabu kama mfanyakazi wa serikali kwa matibabu yake. Na upande wowote unaweza kuvunja mapatano.

Nisiwapambie mambo. Kazi hiyo inamfaa mtu ambaye tayari ana pensheni na nyumba ya magurudumu, na nyumba hiyo si ya bei ya maskini. Tena, si wote wanaolala jangwani wanatalii. Wako wazee, wengi wao wanawake wajane au walioachika, ambao kodi ya nyumba imewashinda, wakabaki na gari tu. Filamu moja ya mwaka 2020, Nomadland, iliyoongozwa na mwanamke, Chloé Zhao, na kupigwa sehemu yake huko Quartzsite, inawaonyesha watu hao. Kwao nafasi ya bure kwa msimu mmoja si mchezo. Ni paa la nyumba.

Na neno kwa vijana wetu: mapatano hayo ya kujitolea si visa. Kuomba nafasi ni bure. Mtu akikuambia umpe dolari ili akutafutie « kazi ya kambi Marekani », huyo ni mwizi.

Somo lililonigusa

Usiku wa pili, wakiwa kando ya moto, yaya alimwuliza yule mama kwa nini anasafisha vyoo vya watu bure katika uzee wake. Alimjibu kwamba mgeni anayefika usiku mahali asipopajua anahitaji mtu mmoja tu wa kumwambia maji yako wapi. Yaya alinyamaza. Alikumbuka usiku wake wa kwanza kambini mwaka 1996, na mama mmoja asiyemjua aliyemshika mkono akampeleka kwenye robine. Mama huyo hakuwa na kofia ya ofisi wala karatasi. Yaya hakupata kujua jina lake.

Aliponisimulia hayo, mimi niliona haya. Nitawaambia kwa nini.

Katika mtaa wetu yuko mama mjane anayelinda robine ya maji. Wengi wenu mnamfahamu. Alipewa chumba kidogo pembeni ili akae hapo. Anafungua saa kumi za alfajiri, anafunga usiku. Anapanga bidoni, anatuliza ugomvi, anafagia matope. Tunasema amejitolea. Mwaka jana alianguka kwenye matope hayo, akavunjika mkono. Hakuna aliyejua nani alipe hospitali. Tulichanga kidogo, haikutosha. Kisha wahusika wakaanza kusema kwamba, kwa kuwa hawezi tena kufanya kazi, chumba kirudi. Na mimi, katika mkutano, nilikuwa kati ya waliosema: « Si alijitolea mwenyewe? Hakuna aliyemlazimisha. »

Mimi niliyefundisha miaka miwili bila kuwa kwenye listi ya mishahara! Nilijua vizuri mtu anavyojisikia akiambiwa maneno hayo, lakini niliyasema.

Huko jangwani, mzee mwenye pensheni na nyumba yake anapewa karatasi kabla ya kushika ufagio. Hapa kwetu, mama asiye na kitu hapewi hata saa ya kupumzika. Serikali yao ina mali, ni kweli, na chama chetu hakina. Lakini kuandika karatasi hakuhitaji mali. Inatosha daftari na watu wawili wa kushuhudia.

Kwa hiyo katika mkutano wetu unaokuja naomba tuzungumze mambo manne juu ya mama wa robine. Kwanza, masaa yake, na nani anampokea ili apumzike. Tukipeana zamu, kila mmoja wetu atashika nusu siku kwa mwezi. Pili, chumba: tuandike kwamba hatoki bila kupewa miezi mitatu ya kujitayarisha. Tatu, akiumia kazini, sanduku letu la msaada litoe kiasi gani. Nne, ugomvi: yeye asiingilie kati mapigano, aite kiongozi wa mtaa.

Yaya ameniambia kwamba mwezi wa kumi na mbili, akipata likizo ya hoteli anakofanya usafi, atarudi La Posa wiki nzima kumsaidia yule mama kupokea wageni. Nilimwuliza kama hachoki kusafisha vyoo. Alisema vya hoteli vinamchosha, vya jangwani bado.

Mkutano ni siku ya kawaida, baada ya soko. Mama wa robine mwenyewe nimemwalika. Tumsikilize kwanza kabla sisi hatujasema. Daftari nitaleta mimi.