Mzani Hauoni Misuli: Jimu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hukonda katika miezi ya mwanzo hata asipokanyaga jimu. Wengi hawaambiwi hivyo, na wakiambiwa huchukulia kuwa wameruhusiwa kukaa kitako. Kilo zinapunguzwa na upasuaji wenyewe, lakini kuna kazi ambayo kisu hakiiwezi: kuzuia misuli na mifupa isiondoke pamoja na mafuta. Hiyo ndiyo kazi ya mazoezi. Anayekwenda jimu akidhani anakwenda kuchoma mafuta atachagua mazoezi yasiyomfaa, atayaanza kabla ya wakati, na maendeleo yake atayapima kwa mzani, kifaa ambacho katika jambo hili ni kipofu.

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani hivi sasa ni ule wa kukata na kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo, ukabaki mrija mwembamba wenye nafasi ya mililita 100 hadi 150 hivi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayoamsha njaa. Upasuaji wa pili, baipasi, ni wa zamani zaidi. Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliuandikia ripoti mwaka 1967. Daktari hutenga kifuko cha takriban mililita 30 sehemu ya juu ya tumbo, akakiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikapita bila kugusa sehemu kubwa ya tumbo. Siku hizi njia zote mbili hufanywa zaidi kwa matundu madogo. Kwetu Afrika Mashariki mtu hahitaji tena kupanda ndege kwenda India ili apate msaada: Nairobi wapo wapasuaji wa fani hii, na Dar es Salaam, Hospitali ya Mloganzila imekuwa ikitoa huduma za kupunguza uzito, ikiwamo ya kuweka puto tumboni. Puto halina mshono wala kidonda, hivyo masharti yake ni mengine. Hapa namzungumzia aliyepita chumba cha upasuaji.

Katika wiki za mwanzo mgonjwa hunywa supu nyepesi, maziwa na uji mwepesi, kwa vijiko. Kwa siku nzima hafikishi kalori 1,000, ilhali mwili wake ulizoea kupata mara mbili au tatu ya hizo. Upungufu huo lazima uzibwe kutoka ndani. Mafuta yapo tele, lakini mwili hauchomi mafuta peke yake. Huvunja pia protini ya misuli, kama familia iliyoishiwa kuni ikaanza kung'oa nguzo za nyumba yenyewe ili ipike. Kwa wastani, takriban robo ya uzito unaoondoka baada ya upasuaji huu si mafuta. Ndani yake mna maji, lakini mna misuli pia, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, wakati ambao ndugu na majirani wanamsifu mtu kwa jinsi alivyopungua.

Kiasi fulani cha upotevu huo ni cha kawaida, kwa sababu mwili uliokuwa na kilo 130 ulijenga misuli mikubwa ya kuubeba uzito huo. Hatari huanza pale misuli inapopungua kupita mahitaji ya mwili mpya. Mtu anavaa nguo za saizi aliyoitamani miaka mingi, lakini akiinuka kwenye kochi anasukuma kwa mikono, na kupanda ghorofa mbili kunamtoa pumzi. Misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari iliyomo kwenye damu. Ikipungua, mwili pia hutumia nishati kidogo ukiwa umepumzika, na uzito hupata urahisi wa kurudi. Mzani hausemi lolote kati ya hayo. Kilo 8 zikiondoka kwa mafuta matupu, au kwa mafuta pamoja na misuli ya mapaja, ule mshale unasimama palepale.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2015, Paul Coen na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu 128 waliofanyiwa baipasi. Kundi moja lilifuata programu ya mazoezi ya wastani kwa miezi 6, jingine likapewa elimu ya afya tu. Uzito uliopungua ulikaribiana katika makundi yote mawili. Aliyeangalia mzani pekee angesema mazoezi yalikuwa kazi bure. Lakini miili ya waliofanya mazoezi ilikuwa inaitikia insulini vizuri zaidi, na moyo na mapafu yao yalikuwa na uwezo mkubwa zaidi. Kwa mtu aliyeingia hospitali akiwa na kisukari, mabadiliko hayo yana thamani kuliko kilo mbili zaidi.

Swali linaloulizwa kila mara ni lini mtu aanze. Kutembea huanza siku ileile ya upasuaji au kesho yake, hapo hapo wodini, na hilo halina mjadala. Damu iliyotulia miguuni huganda, na bonge likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika mwezi wa kwanza, na mara nyingi hujitokeza mgonjwa akiwa amekwisharudi nyumbani. Kwa hiyo tembea dakika tano, pumzika, rudia baadaye, ongeza kidogo kila siku. Katika wiki hizo za mwanzo hilo ndilo zoezi lako.

Vyuma ni habari nyingine. Jeraha la ngozi lililoshonwa huwa na takriban asilimia 3 tu ya uimara wake wa asili baada ya wiki 1. Baada ya wiki 3 hufikia kama asilimia 30, na baada ya miezi 3 hufika karibu asilimia 80, na hapo ndipo kikomo chake. Ukuta wa tumbo ulio chini ya ngozi nao unahitaji wiki nyingi. Nje, yale matundu yanaonekana yamefunga, vikovu vidogo visivyotisha. Ndani kazi bado inaendelea. Ndiyo maana wapasuaji wengi hukataza kubeba kitu kinachozidi kilo 5 hivi kwa wiki 4 hadi 6, na hapo ndoo ya maji imo, mtoto mdogo yumo. Mazoezi yanayokaza tumbo moja kwa moja, kama pushapu na kujikunja ukiwa chali, husubiri hadi wiki ya 8 au ya 12. Aliyepasuliwa kwa mkato mrefu husubiri zaidi. Anayeharakisha anajitafutia ngiri penye mshono, na ngiri humrudisha kwenye kisu.

Angalia mtu anavyonyanyua chuma kizito. Anavuta pumzi, anaibana kooni, anakaza tumbo, uso unamwiva, kisha anasukuma. Katika ile sekunde ya kubana pumzi, shinikizo ndani ya tumbo hupanda ghafla na kuusukuma kila mshono. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujifunza jimu baada ya upasuaji huu ni kupumua: toa pumzi unaposukuma, ivute unaposhusha. Kama huwezi kunyanyua bila kuibana, chuma hicho ni kizito mno kwako kwa sasa. Kirudishe, chukua chepesi, wala usione haya mbele ya wanaokutazama.

Daktari akikuruhusu, siku ya kwanza iwe fupi. Tembea kwenye mashine dakika 10 kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kisha kaa kwenye kiti imara, mikono kifuani, simama, kaa, mara 8 hadi 10. Zoezi hilo peke yake linafanyisha kazi misuli mikubwa kuliko yote mwilini, ya mapaja na makalio. Ongeza mashine ya kusukuma kifua ukiwa umeketi na ya kuvuta kutoka juu, kwa uzito unaokuacha na nguvu ya kurudia mara mbili tatu zaidi. Seti moja moja inatosha. Ukiamka kesho yake na uchovu kidogo wa misuli, umefanya vizuri. Ukishindwa kutoka kitandani, ulizidisha. Miongozo ya Marekani ya kuwahudumia wagonjwa hawa inataka wafikie taratibu angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lengo likiwa 300, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2 hadi 3 kwa wiki. Naona sehemu hii ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, hasa na wanawake, ambao huelekezwa kwenye mashine ya kutembea na kuachwa hapo saa nzima. Dada, nenda kwenye vyuma.

Magoti yatakushukuru pia. Utafiti wa Stephen Messier wa mwaka 2005, uliofanywa kwa watu wazima wanene wenye ugonjwa wa viungo vya magoti, ulionyesha kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Aliyepungua kilo 30 ana magoti yanayopumua kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na ndiyo sababu mazoezi yaliyokuwa mateso zamani huanza kuwezekana.

Maji yanahitaji akili mpya. Mtu wa kawaida wa jimu hupiga nusu lita kwa mkupuo baada ya kutoka jasho. Wewe tumbo lako halina nafasi hiyo, na joto la Dar au Mombasa halikusubiri. Unahitaji kufikia lita 1.5 au zaidi kwa siku, kwa hiyo maji ya mazoezi ya jioni huanza kunywewa asubuhi, fundo kwa fundo. Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kuu zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitalini. Juisi ya miwa, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa: kwa aliyefanyiwa baipasi hasa, sukari nyingi ikimwagika kwa mkupuo kwenye utumbo huleta mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuhara ndani ya nusu saa, na saa 1 hadi 3 baadaye sukari ya damu inaweza kuporomoka. Si hali ya kukukutia juu ya mashine ya kutembea.

Mazoezi bila protini hayajengi kitu. Kiwango cha chini kinachopendekezwa ni gramu 60 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa kina 20 na zaidi. Kwa tumbo dogo, maana yake ni kwamba samaki, mayai, kuku, dagaa, mtindi na maharage vinaliwa kwanza, na ugali au wali unapewa nafasi iliyobaki, kama ipo.

Sasa dawa, na hapa naomba usome polepole. Misuli ikiuma baada ya vyuma, mazoea ya wengi wetu ni kupita duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Aliyefanyiwa baipasi asifanye hivyo. Dawa za jamii hiyo huchimba vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, na vidonda hivyo huvuja damu au kutoboka. Sigara hufanya madhara hayohayo. Hata wa upasuaji ule mwingine asitumie dawa hizo bila daktari wake kujua. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo mbadala wa kawaida.

Vidonge vya presha na kisukari navyo vinahitaji kupimwa upya. Kipimo kilichokufaa ukiwa na kilo 130 kinaweza kukuangusha ukiwa na 100. Mtu anainuka kutoka kwenye benchi, dunia inazunguka, anaanguka kwenye vyuma. Anayetumia insulini au glibenklamidi yuko kwenye hatari ya sukari kushuka akiwa mazoezini, na hapaswi kuanza kabla kliniki haijapanga dozi upya. Usizikate dawa hizi mwenyewe, lakini usikae miezi bila kuzirudisha mezani kwa daktari.

Acha mazoezi na uende hospitali siku hiyohiyo ukiona shavu moja la mguu limevimba na kuuma, pumzi inakata ghafla, kifua kinauma, una homa, au moyo unapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umetulia. Maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka kwa aliyefanyiwa baipasi, hata mwaka au miaka baadaye, si kichomi cha mazoezi. Mafuta ya ndani yanapopungua, nafasi hufunguka kati ya matumbo, na utumbo unaweza kupenya humo ukajinyonga.

Mifupa nayo hupungua kimya kimya, hasa ya nyonga. Watafiti wa São Paulo, Brazil, waliwafuatilia wanawake waliofanyiwa baipasi na mwaka 2019 wakaripoti kwamba waliofanya mazoezi chini ya usimamizi kwa miezi 6, kuanzia mwezi wa 3 baada ya upasuaji, walipoteza mfupa kidogo kuliko wasiofanya. Kalsiamu, vitamini D, madini ya chuma na B12 alizoandika daktari ni za kumezwa miaka yote, si hadi chupa ya kwanza iishe.

Mwalimu wa jimu hawezi kuyajua haya kama hajaambiwa. Mweleze ulifanyiwa upasuaji gani na lini, hata kama hupendi watu wajue. Nanyi walimu, mteja mpya anayepungua kwa kasi mwulizeni faraghani kabla ya kumpa chuma. Hospitali nazo humwandikia mgonjwa karatasi ndefu ya chakula anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Zimwandikie na ya mazoezi, yenye tarehe ya kuanza vyuma, uzito wa kuanzia na namba ya simu ya kuuliza.