Je, Wajua? Pombe Huachwa na Watu Wawili

Je, wajua kwamba kikundi cha kusaidiana kuacha pombe kinaweza kuanza na watu wawili tu? Ndivyo kilivyoanza Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA. Mei 1935, Bill Wilson wa New York alikwama mjini Akron, Marekani, biashara imemwendea vibaya na kiu ya pombe imempanda. Akapiga simu makanisani akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Hakutafuta mhubiri wala daktari wa kumtibu. Akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyeshindwa kuacha kwa miaka mingi. Dk. Bob alikunywa kwa mara ya mwisho Juni 10 mwaka huohuo, na AA huihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwake.

Je, wajua kwamba sharti la kujiunga ni moja tu, kutaka kuacha kunywa? Hakuna ada wala kuulizwa dini. Mchango hupitishwa, na asiye nacho haulizwi. Watu huitana kwa jina la kwanza, na yaliyosemwa chumbani hubaki chumbani. Katika mji kama Kibara, mkoani Mara, ambako mama anayekuuzia dagaa huenda anamfahamu mama mkwe wako, kanuni hiyo ndiyo roho ya kikundi. Siri moja ikivuja, watu hawarudi.

Mkutano wenyewe mara nyingi ni wa saa moja hivi. Mtu anaeleza alivyokuwa akinywa, kilichompata na anavyoishi sasa. Wengine wanasikiliza bila kumkatiza. Mgeni anaweza kukaa kimya toka mwanzo hadi mwisho na hakuna atakayemlazimisha kusema.

Je, wajua kwamba mkoani Mara desturi ya kusimama na kusema ukweli mbele ya wenzako ina historia yake? Wamishenari wa Kimenonite walifika Shirati mwaka 1934. Mwaka 1942 uamsho wa kiroho ukaingia hapo, watu wakakiri makosa yao hadharani na kukutana katika vikundi vya ushirika. AA nayo ilichota mengi kutoka Oxford Group, harakati ya Kikristo iliyosisitiza kukiri na kurekebisha uliyoharibu. Anayesema kikundi cha namna hii ni mambo ya kigeni akawaulize wazee wa Shirati.

Je, wajua kwamba kuacha pombe ghafla kunaweza kuua? Hili lisomwe taratibu. Anayekunywa sana kila siku, anayezimua asubuhi ili mikono itulie, asifungiwe chumbani na ndugu zake ati akome. Kutetemeka na kutoka jasho huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Ndani ya siku mbili anaweza kudondoka kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona watu wasiokuwepo, mwili ukachemka na moyo kwenda mbio. Hiyo ni dharura. Dawa zipo, zikiwemo diazepam na vitamini B1, lakini hutolewa chini ya uangalizi, si za kununua dukani na kukisia. Kwa hiyo mtu wa namna hii aanzie hospitali, iwe ya misheni hapo Kibara, Bunda au Musoma. Kikundi kimpokee akitoka.

Hata Akron ilikuwa hivyo: mwaka 1939 Sista Ignatia, mtawa wa hospitali ya St. Thomas, alianza kuwalaza walevi wa Dk. Bob wakati hospitali nyingi ziliwafukuza.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane walipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Mipango maalumu ya kuwaunganisha wagonjwa na AA iliwafanya wengi zaidi wakae bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo. Karibu zaidi na kwetu, huko Eldoret, Kenya, watu wanaoishi na VVU walihudhuria vikao vya kikundi kwa Kiswahili, ingawa si vya AA, vikiongozwa na watu wasio madaktari. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha waliacha kwa wingi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Siku ya kukutana ichaguliwe kwa akili. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti samaki, wanapumzika mwaloni na fedha ziko mfukoni. Siku hizo ndizo za hatari, na ndizo ningezipangia mkutano.

Anayetafuta kikundi aulize kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au muuguzi anayemwamini. Mwenye simu na bando anaweza kuhudhuria mikutano ya AA mtandaoni. Akikosa vyote, amtafute mmoja anayetaka kuacha kama yeye, wakubaliane siku na saa.

Na je, wajua kwamba mke, mume au mtoto wa mnywaji hahitaji kumsubiri aamue? Mwaka 1951 Lois, mke wa Bill Wilson, alishiriki kuanzisha Al-Anon, vikundi vya familia za walevi. Wanafamilia hukutana hata kama mnywaji bado yuko kilabuni.