MKANDA KWENYE GARI LA SHULE: NANI ATALIPA?

MFANYABIASHARA wa Mashewa, wilayani Korogwe, aliyeuza mahindi yake vizuri na sasa anatafuta Hiace ya kubeba wanafunzi, huuliza kwanza bei ya gari, kisha mafuta, kisha vipuri. Wiki hii tunamshauri aongeze swali la nne: siku sheria ikitaka kila mtoto afunge mkanda, je, biashara hiyo itabaki na faida?

Swali hilo si la kupuuzwa. Tarehe 6 Mei, 2017 basi dogo la shule lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, Karatu. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walionusurika ni watoto watatu tu. Hatusemi kuwa mkanda ungewaokoa. Korongo ni korongo. Lakini wadau wa usalama barabarani wamedai kwa miaka mingi kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 irekebishwe, mkanda uwe wa abiria wote, si wa dereva na abiria wa mbele peke yao.

Wakenya walishaipita njia hiyo. Kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kusimamiwa Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki, zilitaka mikanda katika kila matatu. Matatu za abiria 18 zikabaki na 14. Siku za mwanzo magari mengi yalilala yakisubiri kufungwa mikanda, abiria wakatembea kwa miguu, na nauli zikapanda. Fundisho lake kwa mwekezaji ni kwamba hasara kubwa haitokani na bei ya mkanda. Inatokana na nafasi zinazopotea, kwa kuwa mkanda mmoja ni wa mtoto mmoja.

Tupige hesabu ya mfano. Gari la viti 14 linabeba watoto 24 waliobanana, kila mmoja akilipa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mapato ni 960,000. Wakibaki 14, mapato yanashuka hadi 560,000. Mwenye gari akitaka kufidia kwa nauli, kila mzazi atalipa karibu 68,600. Mzazi wa kijijini akishindwa, mtoto atarudi kwenye bodaboda au atatembea, na hapo sheria ya kumlinda itakuwa imemtupa barabarani.

Njia ya kati ipo. Gari hilo likienda safari mbili asubuhi na mbili jioni, litabeba watoto 28 kwa nauli ileile na kuingiza 1,120,000. Ziada ya 160,000 ndiyo ya kununulia mafuta ya safari za pili. Kwa umbali mfupi hesabu inakubali. Kwa umbali mrefu, shule na wazazi hawana budi kuchangia.

Wanaopinga mikanda hupenda kutaja Marekani. Ni kweli kwamba sheria ya taifa huko hailazimishi mikanda kwa abiria wa mabasi makubwa ya shule, kwa kuwa viti vyake virefu na vyenye sponji hupangwa karibukaribu kumkinga mtoto. Lakini sheria hiyohiyo inataka mikanda katika mabasi ya shule yenye uzito wa chini ya kilo 4,536. Hiace yetu iko kundi hili la pili.

Kwa maoni yetu, mkanda uwe lazima, ila uanze na idadi ya watoto, na wenye magari wapewe muda wa kujiandaa.

Kwa anayenunua sasa: chagua gari lenye viti na mikanda yake ya kiwandani. Kiti kilichochomelewa mtaani na kufungwa kwenye bati jembamba la sakafu kinaweza kung'oka pamoja na mkanda na mtoto aliyefungwa. Bei yake ya leo ni nafuu, lakini siku ya ukaguzi utakinunua mara ya pili.