Samaki Aliyekauka Naye Hukunjika: Kunyoosha Viungo kwa Askari wa Makamo

Na Afisa Uhusiano wa Jeshi

Asubuhi moja katika uwanja wa shabaha ilitolewa amri ya kupiga risasi kwa goti. Vijana walishuka chini kama mtu mmoja. Lakini sajini mmoja, mtu wa miaka 48, aliyevaa magwanda kabla baadhi ya vijana hao hawajazaliwa, alishuka nusu, akasita, kisha akatua kwa kishindo. Ilipotolewa amri ya kusimama, aliweka kitako cha bunduki ardhini akaiegemea kama mkongojo. Kicheko kikapita mstarini. Sina budi kusema kweli: nami nilitabasamu, na tabasamu la afisa ni ruhusa kwa askari kucheka.

Siku chache baadaye, baada ya chakula cha jioni, nilipita ghalani nikamkuta sajini yule peke yake. Alikuwa amelala chali juu ya mkeka, mguu mmoja umeinuliwa, ameuvuta kwa mkanda wa suruali. Mbele yake simu ilikuwa imeegemezwa kwenye bakuli la bati, sauti imepunguzwa, na ndani ya video alionekana mwanamke mwenye mvi akifundisha namna ya kunyoosha misuli. Aliponiona aliinuka upesi, kadiri alivyoweza, akakaa mguu sawa.

"Nisamehe, afande."

Nilimwuliza nimsamehe kwa kosa gani.

"Nikifanya haya mchana, vijana watasema mzee amekwisha. Na askari akishasemwa amekwisha, afande, hakawii kupangiwa kuondoka."

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya sajini huyo, na kwa ajili ya askari na polisi wote waliovuka miaka 40 ambao hujinyoosha kwa siri, au hawajinyooshi kabisa kwa sababu wameamini kwamba wakati wao umepita.

MWILI WA MAKAMO

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli katika malezi ya watoto, lakini watu wameichukua wakaipeleka katika mwili wa mtu mzima, na hapo ndipo walipokosea.

Ni kweli kwamba umri una kodi yake. Kadiri miaka inavyosonga, nyuzi zinazofunga misuli na zile za kano hukakamaa, na visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hupungukiwa na maji. Lakini umri haufanyi kazi hiyo peke yake. Sehemu kubwa ya ukakamavu tunaousingizia uzee hutokana na kukaa namna moja kwa muda mrefu. Dereva wa lori hukaa kutwa nzima magoti yamekunjwa. Karani wa kituo cha polisi huinamia kitabu cha taarifa tangu asubuhi hadi jioni. Askari wa usalama barabarani husimama juani saa nyingi, mashavu ya miguu yamekaza. Na tangu mwezi wa Machi 2007, askari wa Uganda walipoanza kutumwa Somalia katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, wengi wamejua maana ya kubanana ndani ya gari la deraya, umevaa fulana ya kuzuia risasi na kofia ya chuma, huku nyonga na kiuno vikidai haki yao.

Habari njema ni kwamba misuli ya mtu wa makamo bado husikia amri. Katika wiki za mwanzo mtu huona mguu wake unapanda juu zaidi, na sababu kubwa ni kwamba mishipa ya fahamu imezoea mvuto ule na haipigi tena kelele mapema. Kwa hiyo samaki hakukauka kama tulivyodhani. Alisahau tu kukunjika.

TANGU REDIO HADI SIMU

Kuongozwa katika mazoezi na mwalimu asiyekuwapo mbele yako si jambo la jana. Mwaka 1925 kampuni ya bima ya Metropolitan Life ya Marekani ilianza kutangaza mazoezi ya viungo kwa njia ya redio, kwa hesabu rahisi kwamba mteja mwenye afya hachelewi tu kufa, bali pia huendelea kulipa. Wajapani waliiga wazo hilo, na mwaka 1928 redio ya taifa ikaanza mazoezi yanayojulikana huko kwa jina la rajio taiso. Baada ya Vita Kuu ya Pili yalisimama, kisha yakarudi mwaka 1951, na hadi leo husikika saa 12:30 asubuhi. Mazoezi yenyewe ni miendo 13 ya kama dakika tatu tu, na wazee hukutana bustanini kuyafanya pamoja bila mtu yeyote kuona haya.

Majeshi nayo hayakubaki nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Jeshi la Anga la Canada lilikuwa na marubani katika vituo vya mbali visivyokuwa na uwanja wala vyombo vya mazoezi. Mtaalamu Bill Orban aliwatungia mpango ulioitwa 5BX: mazoezi matano, dakika 11 kwa siku, katika nafasi isiyozidi chumba kidogo. Kilichoufanya mpango huo uwe wa busara ni kwamba uliweka vipimo kwa kufuata umri. Mtu wa miaka 45 hakudaiwa kufanya anayoyafanya kijana wa miaka 20. Alidaiwa kufika kiwango chake mwenyewe.

Kisha ukaja wakati wa video. Mwaka 1982, mwigizaji wa sinema Jane Fonda, akiwa na umri wa miaka 44, alitoa ukanda wake wa kwanza wa mazoezi. Alikuwa ameyaendea mazoezi ya namna hiyo baada ya kuvunjika mguu kazini na kushindwa kuendelea na dansi aliyoizoea. Ukanda huo na ile iliyoufuata iliuzwa nakala zinazokadiriwa kuwa milioni 17. Askari wengi wa Marekani waliopigana Vietnam hawakumsamehe kwa safari yake ya Hanoi ya mwaka 1972, lakini hata wasiompenda hawawezi kukana kwamba ndiye aliyewaonyesha watu wa makamo kwamba sebule inaweza kuwa uwanja wa mazoezi. Mwaka 2010, akiwa amevuka miaka 70, alitoa video nyingine kwa ajili ya wazee wenzake. Safari hii hapakuwa tena na ile kauli yake ya zamani ya kumtaka mtu ausikie moto ndani ya misuli.

Leo ukanda umekwisha, na video hukaa ndani ya simu, mfukoni mwa askari. Lililo gumu sasa ni kujua ipi ya kuamini.

USHAHIDI KUTOKA MAKAMBINI

Ndugu askari, tusidanganyane. Wako walimu wa video wanaodai kwamba kujinyoosha huzuia kila jeraha. Madai hayo yamepimwa, na waliopimwa ni askari kama sisi.

Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2000, makuruta 1,538 wa Jeshi la Australia waligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilinyoosha misuli sita ya miguu kabla ya kila zoezi, kila msuli sekunde 20. Kundi la pili halikunyoosha. Baada ya wiki 12 walihesabiwa walioumia miguu: 158 katika kundi la kwanza, na 175 katika la pili. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuitwa ushindi. Waliokuwa katika hatari zaidi ya kuumia ni wale waliokuja na pumzi haba, wasiozoea kukimbia.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mwingine wa makuruta wa askari wa miguu nchini Marekani ulikuwa umeonyesha sura nyingine. Kombania moja iliongezewa vipindi vitatu vya kunyoosha misuli ya nyuma ya mapaja. Katika kombania hiyo walioumia kwa kuchosha viungo walikuwa asilimia 16.7, katika kombania ya pili, asilimia 29.1.

Tujifunze nini? Kwanza, kuvuta msuli harakaharaka kabla ya kukimbia si hirizi. Zaidi ya hayo, msuli ukivutwa na kushikiliwa kwa zaidi ya dakika moja kabla ya kazi ya nguvu, nguvu zake hupungua kidogo kwa muda. Kabla ya mbio pasha mwili moto kwa kutembea, kuzungusha mikono na kurusha miguu. Pili, kunyoosha kwenye wakati wake wenyewe, kila siku na kwa subira, kunaweza kuleta faida ya kweli. Tatu, tukumbuke kwamba waliopimwa walikuwa vijana. Mtu wa makamo hajinyooshi ili ashinde mbio. Hujinyoosha ili aweze kuinama, kupiga goti, kugeuza shingo aangalie nyuma ya gari, na kufunga kamba za buti bila kuomba msaada.

NAMNA YA KUCHAGUA VIDEO

Mwalimu mzuri huanza kwa kupasha mwili moto dakika tano. Huhesabu polepole, hukumbusha kupumua, na huonyesha njia nyepesi kwa asiyeweza kufika chini. Hadundishi mwili kama mpira. Huvuta na kutulia. Kipindi chake kisizidi dakika 15, maana kilicho kirefu hufanywa siku mbili kikaachwa. Na ukimsikia mwalimu anaahidi kutibu kisukari, shinikizo la damu na mgongo kwa wiki moja, huyo ni mchuuzi. Mwache aende zake. Ukipata video ifaayo, ihifadhi katika simu ili usiteketeze fedha kila jioni.

Hapa pana jambo la usalama. Usijipige picha za video ukiwa mazoezini kambini na kuzitawanya. Mnamo Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, iliyochora njia za watu waliovaa vifaa vya kupima mwendo wakikimbia, ilikuwa imefichua mahali pa kambi za kijeshi katika nchi mbalimbali. Waliokuwa wakikimbia hawakukusudia uhaini. Walikusudia afya tu.

DAKIKA KUMI ZA JIONI

Haya matano yanatosha kuanzia. Shikilia kila mvuto sekunde 30, rudia mara mbili, kila upande.

Kwanza, shavu la mguu. Simama mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka na kisigino hakiachani na ardhi. Sogea mbele mpaka usikie mvuto.

Pili, nyuma ya paja. Lala chali, pitisha mkanda katika wayo, uinue mguu taratibu. Goti likikunjika kidogo si dhambi.

Tatu, nyonga. Piga goti kama katika shabaha, ukiweka nguo chini ya goti. Kaza makalio, kisha sogeza kiuno mbele bila kupinda mgongo. Zoezi hili ndilo dawa ya dereva.

Nne, kifua. Simama mlangoni, weka mikono juu ya miimo, sogea mbele hatua moja. Hapa pande zote mbili huvutwa kwa pamoja.

Tano, kiuno. Lala chali, kumbatia magoti yote mawili kuelekea kifuani.

Kipimo ni hiki: usikie mvuto, usisikie maumivu. Usizuie pumzi, maana kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu. Mwenye jeraha la zamani la risasi au kipande cha bomu, mwenye shinikizo la damu, au aliyefanyiwa upasuaji wa kiungo, aanze kwa kumwona daktari. Na yeyote anayesikia maumivu yakishuka kutoka kiunoni hadi mguuni pamoja na ganzi asijitibu kwa video. Akishindwa kuzuia haja, au mguu ukipoteza nguvu, aende hospitali saa hiyohiyo.

Wala kunyoosha peke yake hakutoshi. Kutembea kwa kasi na kazi ya nguvu ndivyo vinavyoulinda moyo na mifupa. Kunyoosha ni mafuta ya bawaba. Mlango bado wataka mbao.

MWISHO WA MKEKA

Usiku ule niliketi juu ya sanduku ghalani nikamtaka sajini anionyeshe. Nilipojaribu kugusa vidole vya miguu, mimi niliyetabasamu uwanjani, nilikwama karibu na magoti. Sajini hakucheka. Alisema tu, "Polepole, afande. Pumua."

Kuanzia kesho yake mkeka ulitoka ghalani ukaja barazani, mbele ya watu. Siku ya kwanza tulikuwa wawili. Baadaye walikuja fundi wa magari, mpishi, na koplo mmoja aliyedai amekuja kutazama tu. Vijana walicheka kwa juma zima, kisha wakazoea.

Baada ya miezi mitatu tulirudi uwanja wa shabaha. Amri ya goti ilipotolewa, sajini alishuka bila kishindo. Hakushuka kwa wepesi wa kuruta, na usoni alikunja ndita. Lakini alipoamriwa kusimama, alisimama kwa miguu yake mwenyewe, na bunduki ilikuwa mikononi mwake, mahali pake pa haki.