Kumtazama Bakteria Akiwa Hai

Kwa zaidi ya karne moja, njia ya kawaida ya kumwona bakteria vizuri ilikuwa kumuua kwanza. Kipimo cha makohozi cha TB kwa hadubini bado ni hivyo: makohozi hupakwa kwenye kioo, hukaushwa, hutiwa rangi, ndipo huangaliwa. Yanatosha kuonyesha kama vimelea wapo. Wanavyoishi hayaonyeshi.

Njia nyingine ilitoka baharini. Mwaka 1962 Osamu Shimomura na wenzake waliripoti protini ya yavuyavu aitwaye Aequorea victoria, ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kijani. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba jeni yake ikipandikizwa katika Escherichia coli, bakteria naye hung'aa. Wawili hao, pamoja na Roger Tsien aliyeongeza rangi nyingine, walipata Nobel ya kemia mwaka 2008.

Uzuri wa njia hii ni kwamba jeni hiyo ya kung'aa huweza kuunganishwa na jeni ya bakteria mwenyewe. Protini mbili hutoka zimeshikana, na popote inapokwenda ya bakteria, ile ya kung'aa iko nayo kama taa.

E. coli ana urefu wa mikromita 2 hivi, na hujigawa katikati kabisa. Anapajuaje? Mwaka 1999 David Raskin na Piet de Boer waliifunga taa hiyo kwenye protini iitwayo MinD. Kijani kikakusanyika ncha moja ya seli, kikafifia, kikaibuka ncha ya pili, kisha kikarudi, mzunguko mzima ukichukua chini ya dakika moja. MinD huandamana na MinC, inayozuia ujenzi wa pete ya kugawanya seli. Kwa kuwa zinashinda nchani, katikati ndiko kizuizi huwa hafifu, na pete hujengwa hapo. Katika bakteria aliyekufa, mwendo huo usingeonekana kamwe.

Taa nayo yaweza kudanganya. Kwa miaka kadhaa iliaminika kwamba protini MreB hujisokota kama springi ndani ya E. coli, lakini mwaka 2012 ikabainika kuwa katika picha mashuhuri umbo hilo lilisababishwa na protini ya kung'aa yenyewe. Mwanga mkali nao huwadhuru bakteria, hivyo mtafiti makini humulika kidogo na kulinganisha na seli zisizo na taa.

Kwa mgonjwa, faida ninayoiona kubwa ni kuelewa kwa nini baadhi ya bakteria hunusurika dawa: mwaka 2004 Nathalie Balaban na wenzake waliwarekodi bakteria mmoja mmoja kabla, wakati na baada ya kuwapa antibiotiki ya ampisilini. Walionusurika hawakuwa wamepata jeni ya usugu. Walikuwa wale waliokuwa wakikua polepole hata kabla dawa haijafika.