Kingo za Wimbi na Haki ya Jirani

Msikilizaji wa Mandewa, mjini Singida, akifungua redio ya mawimbi ya kati usiku, huweza kusikia mkwaruzo mfupi swichi ya taa inapobonyezwa. Taa si kituo cha redio, wala haikutengewa masafa yoyote. Mkwaruzo huo watoka wapi?

Msingi wa jibu uliwekwa na Mfaransa Joseph Fourier katika kitabu chake cha mwaka 1822. Badiliko lolote la umeme laweza kuelezwa kuwa ni jumla ya mawimbi ya masafa mbalimbali. Kadiri badiliko linavyokuwa la ghafla, ndivyo masafa hayo yanavyotapakaa. Umeme ukikatika ghafla, sehemu ya nguvu zake huangukia hata penye kituo kinachosikilizwa.

Simu za mkononi nazo hukabiliwa na jambo hilo. Katika mtandao wa kizazi cha nne, habari hukatwa kuwa alama fupi, kila moja ikidumu takriban mikrosekunde 66.7, na hubebwa na mawimbi mengi yaliyoachana kwa kilohezi 15. Alama ikianza na kukoma ghafla, nguvu zake huunda kilima kikuu na vilima vidogo pembeni. Kilele cha kilima cha kwanza cha pembeni hufikia kama sehemu 1 kati ya 21 ya kile kikuu. Vinavyofuata hupungua polepole, vikivuja hadi kwa jirani. Kwa sababu hiyo, njia ya megahezi 20 hutumia megahezi 18 tu. Zilizobaki huachwa kama mpaka kati ya mashamba mawili.

Dawa yake ni kulainisha kingo: nguvu ya alama ipande na kushuka taratibu, kwa kufuata mkunjo wa kosaini. Alama nzima ikilainishwa hivyo, kilima cha pembeni hushuka chini ya sehemu 1 kati ya 1,000. Lakini kilima kikuu hupanuka mara mbili. Kwa hiyo wahandisi hulainisha miisho tu, nao hulipa kwa muda kidogo usiobeba habari mpya.

Hakuna alama yenye mwanzo na mwisho isiyovuja kabisa. Masafa, yanayogawiwa nchini na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hayaongezeki, watumiaji huongezeka. Kila ukingo uliolainishwa vema humwachia jirani nafasi ya kusikika.