Binti wa Fizikia na Somo Lijalo

Mzazi mmoja wa Mji wa Kale alitujia barazani kutaka shauri. Bintiye amaliza mwaka wa pili wa fizikia na sasa yampasa kuchagua: elimu ya nyota aipendayo, au vifaa vya umeme vya hospitali, ambavyo baba aona vina ajira. Nyumbani maneno yamekuwa makali, kwani ada ya mwaka huu ni mkufu wa mama uliouzwa.

Sisi fizikia hatukuisoma. Tukaomba binti mwenyewe aitwe. Alituonyesha maji ya Bandari ya Kale, akasema, “Maalim, bamvua huja mwezi ukiandama na ukipevuka, kwa kuwa jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hukingamana, yakawa maji mafu.” Manahodha wetu wayajua hayo kwa macho, yeye ataka kuyakokotoa, na hisabati yake, alikiri, haijafika.

Hapo tulipata la kusema. Madrasa hakuna aingiaye balagha kabla ya nahau. Njia zote mbili zahitaji hisabati hiyo hiyo ya vitu vinavyobadilika. Basi aishike mwaka huu, uchaguzi usubiri.

Wala nyota si mbali nasi, ndugu wazazi. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa karibu na Malindi tarehe 12 Disemba 1970.

Baba amekubali. Mama hajatujibu, na mkufu ulikuwa wake.